Nyumba Tusimokula

Nilipokuwa mtoto nikilelewa Suna, pale Migori mjini, nilidhani kelele ni sehemu ya hewa. Kulikuwa na pikipiki, redio za madukani, makanga wakiita abiria wa Kisii na Isebania, na majirani waliogombana na kupatana bila kushusha sauti. Kwa hiyo likizo ile niliyopelekwa kijijini kwa kina mama, ndani kabisa huko nyuma ya Rangwe, kitu cha kwanza kilichonitisha ni kimya. Uliweza kusikia jembe la mtu likigonga jiwe ng'ambo ya mto. Nikamuuliza bibi yangu, ambaye kwa Kijaluo tunamwita dani, ni nani amefariki.

Dani akacheka mpaka akashika kiuno. "Hapa hakuna matanga," akasema. "Watu wanalima tu."

Nilikuwa darasa la tatu, na kichwa changu kilikuwa kigumu. Bado ni kigumu, muulizeni mume wangu. Mama aliniambia nikifika huko nimfuate dani kila aendako na nisiulize maswali mengi. La kwanza nililifanya.

Sasa, mtoto wa binti akienda kwa wajomba zake ni mgeni mkubwa, hata kama bado anatokwa kamasi. Hapiti nyumba bila kuonja kitu. Siku ya pili dani akanishika mkono, akanizungusha kijiji kizima nisalimie watu. Nyumba ya kwanza tukapewa njugu za kukaanga. Ya pili, viazi vitamu na maziwa ya mgando. Ya tatu, ndizi mbivu, na mwenye nyumba akasimama juu yangu kuhakikisha nimezimaliza. Halafu uji, halafu mahindi ya kuchoma, halafu njugu tena, mbichi safari hii. Kukataa ni tusi, na mimi sikuwa mtu wa kukataa chakula. Nilikula kwa bidii kama niliyeajiriwa.

Nyumba moja tu tuliipita. Ilikuwa na ua wa manyara uliokatwa vizuri, na kiwanja kilichofagiliwa hata jani hulioni. Mwanamke wa makamo alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Akatusalimia, dani akaitikia kwa adabu zote, akauliza habari za shamba, na huku chini vidole vyake vikaubana mkono wangu.

"Mbona pale hatukuingia?" nikauliza tulipofika mbele kidogo.

"Pale tunasalimia. Hatuli."

Nilimsumbua hadi jioni ndipo akanieleza. Yule alikuwa Mama Akelo, na watu walisema ana sihoho. Ni jicho baya. Mwenye nalo akikutazama unakula, chakula kinakugeukia tumboni, na wengine hawaamki. Mwenyewe anaweza hata asijue kwamba analo. Dani wangu alikuwa Msabato wa kweli, mtu wa zaka na maombi ya alfajiri, na kwake mganga angefukuzwa kwa ufagio. Lakini sahani yake aliifunika kila alipomwona Mama Akelo akipita. Biblia na kifuniko vilikaa meza moja, na sikumbuki kama viliwahi kugombana.

Dawa ya jicho hilo, alivyonieleza dani, ni moja. Aliyemtazama mgonjwa anawe mikono na uso, kisha mgonjwa anywe maji yale. Shida ni kwamba kutoa maji ni kukubali kwamba unalo. Mtoto fulani aliwahi kuugua baada ya chakula cha matanga, watu wakaenda kumwomba Mama Akelo maji. Baadaye wakamwendea tena kwa ajili ya mtoto mwingine. Kila mara alisimama mlangoni akajibu vilevile: "Mimi sina hilo jicho. Maji sitoi." Na kwa sababu ya jibu hilo walikuwapo bado watu waliosema labda anasingiziwa. Kanisani, baada ya ibada ya Sabato, chakula kilipotandazwa chini ya turubai, walimwachia mwisho wa benchi, naye akakaa pale akitazama magoti yake mpaka wote wamalize.

Mimi hayo hayakuniingia. Kilichoniingia ni kwamba tumekula kila nyumba isipokuwa moja, na hiyo si haki. Kesho yake, dani alipokwenda shambani, nikaenda.

Mama Akelo alinitazama kwa mshangao. "Umetumwa?"

"Hapana. Nimekuja kula," nikasema. "Kwingine kote nimekula. Hapa bado."

Akainuka, akaingia jikoni. Akatoka na bakuli la mahindi na maharage ya kuchemsha, akaniweka ndani mezani. Yeye akachukua kigoda chake, akaenda kukaa nje, mgongo umenielekea. "Ukimaliza uniambie," akasema.

Nikabeba bakuli langu, nikatoka, nikazunguka, nikakaa chini mbele yake. Akafumba macho.

"Mama, unalala?"

"Silali. Kula."

"Fungua macho basi."

"Kula, mtoto wa watu."

Nikaweka bakuli chini. "Kama hunitazami, sili." Na sikuwa natania. Nyumbani kwetu tulikula tukitazamana na kunyang'anyana, na kula mbele ya mtu aliyefumba macho kulinipa huzuni ambayo sikuweza kuieleza. Tukakaa hivyo. Kuku akaanza kulisogelea bakuli, nami sikumfukuza. Nadhani ni kuku huyo aliyemshinda, kwa sababu aliposikia mdomo wake ukigonga bakuli alifumbua macho amfukuze, na kwa kuwa yalikwisha funguka hakuyafumba tena.

Nikala. Akanitazama mikono, akanitazama mdomo, akanitazama nikilamba vidole. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Unakula vizuri," akasema. "Akelo wangu alikuwa mvivu wa kula." Akelo alikuwa binti yake, ameolewa mbali, na haji mara kwa mara. Akaniuliza habari za Suna, nikamwonyesha jinsi makanga wanavyopiga ubavu wa gari, akacheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote nilivyosikia pale kijijini.

Jua lilikuwa bado halijashuka nilipoanza kushika tumbo. Kufika jioni nilikuwa najikunja kwenye mkeka, natoka jasho. Dani akapiga magoti. "Umekula wapi?" Nikamwambia. Sikuona cha kuficha.

Sijawahi kumwona dani akiogopa namna ile. Alikaa chini kabisa, leso ikamdondoka begani. Mjomba Odhiambo, ndugu mdogo wa mama, alisema nipelekwe hospitali, lakini mvua ilikuwa imeharibu barabara na hakukuwa na pikipiki ambayo ingepita mpaka asubuhi. Majirani wakaanza kujaa mlangoni. Dani akainuka, akavaa viatu vyake vya kanisani. "Nakwenda kumdai maji," akasema, "na leo atatoa hata kama nitalala mlangoni kwake."

Hakufika getini. Katika kijiji kimya habari haina cha kuizuia, na Mama Akelo alikuwa anakuja mwenyewe, anatembea haraka, ameshika jagi la maji. Watu wakampisha. Nilisikia mtu akinong'ona kwamba amekuja kukana tena.

Akanitazama mara moja, kisha akageuza uso upande. "Ni kweli alikula kwangu," akamwambia dani. "Na nilimtazama."

"Kwa hiyo?" dani akauliza.

"Leteni beseni."

Hakuna aliyesogea, hivyo mjomba akaenda kulileta. Mama Akelo akanawa mikono polepole, akanawa uso, akayaosha macho yake kwa vidole mpaka yakawa mekundu. Akamkabidhi dani beseni kwa mikono miwili. Kisha akatoka bila kuaga, na wale waliokuwa mlangoni wakarudi nyuma zaidi kuliko walivyorudi alipoingia. Mimi nikanyweshwa. Baada ya muda nikatapika mahindi, maharage, njugu za kukaanga na mbichi, ndizi, kila kitu, nikalala usingizi mzito.

Asubuhi mjomba akanipeleka zahanati kule Rangwe. Daktari akanibonyeza tumbo, akauliza nimekula nini tangu nifike. Mjomba akaanza kuvitaja vyakula, na kabla hajafika kwenye uji daktari alikuwa anacheka. "Huyu mmemshindilia," akasema. "Mnataka tumbo la mtoto wa mjini lifanye kazi ya ghala?" Akanipa dawa ya minyoo na maji ya chumvi na sukari, tukarudi.

Mjomba akamsimulia dani neno kwa neno. Dani akasikiliza mpaka mwisho. "Daktari alimkuta amekwisha pona," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nyumba zote zile zilizonijaza hadi kooni hakuna aliyezifikiria. Walikuwa watu wema na chakula chao kilikuwa cha wema. Lililobaki midomoni mwa watu ni kwamba Mama Akelo ameungama mwenyewe, mbele ya mashahidi. Hata wale waliomtetea zamani hawakuwa na la kusema tena. Sabato iliyofuata, nikiwa nimekaa karibu na dani, nilimwona Mama Akelo akichukua kitabu chake cha nyimbo mara tu baada ya sala ya mwisho na kwenda zake, na ule mwisho wa benchi akakaa mtu mwingine.

Miaka mingi niliisimulia hadithi hii kwa kuchekesha. Nina kibanda cha chakula Migori, na wateja wangu huipenda sana sehemu ya kuku na ile ya daktari. Kisha nikazaa. Mwanangu Omondi hakuwa ametimiza mwaka alipougua sana, homa ikakataa kushuka, na nikiwa nimempakata kwenye benchi la hospitali nilijua kwamba mtu yeyote angekuja akaniambia sema wewe ni mwizi, sema wewe ni mchawi, mtoto atapona, ningesema. Ningesema kwa sauti stendi nzima isikie. Hapo ndipo Mama Akelo aliponijia akilini, nikaacha kucheka.

Kwa sababu mimi nilikuwa nawaza hivyo kwa mtoto wa tumbo langu. Yeye alikuwa na neno moja tu la kujilinda katika kijiji kile, alilishikilia miaka yote wakimdai, na akalitoa kwa ajili ya mtoto wa watu, mgeni ambaye baada ya siku chache angerudi kwao. Sijui kama aliamini kwamba ana jicho hilo au alisema tu potelea mbali, ikiwa kuna uwezekano wowote, mtoto asife. Niliona uchungu, halafu nikaona hasira, na hasira ndiyo iliyonikalia.

Likizo iliyopita nikafunga kibanda, nikambeba Omondi ambaye sasa anatembea na kusumbua, nikaenda kijijini. Dani yuko, anatembea kwa fimbo, masikio yanasikia anachotaka. Mchana nikapakua ugali, mboga na kipande cha samaki.

"Unakwenda wapi na sahani?" akauliza.

"Kwa Mama Akelo."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

Alinyoosha mkono, akachukua kifuniko, akaniwekea juu ya sahani. "Kuna vumbi," akasema.

Mama Akelo amezeeka lakini kiwanja chake bado kinang'aa. Nilipojitambulisha alinikumbatia, akamshika Omondi kidevu. Kisha akaona sahani. Palepale akavuta kigoda hadi ukutani, akakaa akiutazama ukuta, kama mtu anayeondoa miguu yake njiani ili wengine wapite.

Nikakaa. Nikamweka Omondi pajani. Na mkono wangu, niliowachekeshea nao wateja miaka yote ile, ukakishika kifuniko na ukakataa kukiinua. Nawaambia ukweli, niliogopa. Niliogopa kwa mwili mzima. Nikamfikiria daktari, nikaifikiria minyoo, na vyote havikunisaidia. Mwisho nikakiinua kifuniko kwa sababu tu nilikuwa nimekwisha kuamua.

"Mama, geuka."

"Hapana, nyathina," akasema kwa Kijaluo, mwanangu. "Huyo ni mtoto wako."

"Ni wangu. Ndiyo maana nakuambia geuka."

Aligeuka polepole, kigoda na yeye pamoja. Omondi hakuwa na habari, alikuwa amekwisha tia mkono kwenye samaki. Akala kwa fujo, akajipaka hadi masikioni, na Mama Akelo akamtazama tonge kwa tonge. Hakucheka kama siku ile ya zamani. Alitazama tu, na mimi nikamtazama yeye, mpaka sahani ikaisha.

Usiku ule sikulala. Niliweka kiganja juu ya tumbo la mtoto nikakiacha hapo, na kila alipogeuka niliinama nisikie pumzi zake. Hofu hiyo nilinyweshwa pamoja na uji wa dani na sidhani itanitoka hadi niingie kaburini. Lakini Mama Akelo naye alikuwa anaogopa alipoliomba lile beseni, na hakurudi nyumbani kwake kwanza kungojea hofu ipungue. Alfajiri Omondi akaamka akidai chai. Mchana nikapakua tena, nikamshika mkono, nikampitisha mbele ya dani, tukaenda kulekule.