Siterne Niliyolichorea Kanisa Letu

Municheke, ndugu zangu, lakini mutu asirudie kosa langu. Lava ya volkano ilichoma kanisa letu, kwenye barabara ya Kibati, kisha vita ikatuchelewesha kujenga. Utulivu uliporudi nilijitolea kuchora kanisa jipya kwa kompyuta, mimi ambaye sijawahi kuchora hata banda la kuku.

Programu mbili za mafundi zilinishinda. Ya tatu ilikuwa ya wanaoanza: inakupa nyumba tayari, wewe unabadilisha tu. Nikatoa vitanda, nikapanga mabenchi, nikasimika msalaba. Kitu kimoja kilikataa kutoka: bwawa la kuogelea mbele ya mlango.

Jumapili nikaonyesha picha kwa projekta juu ya shuka jeupe, chini ya turubai tunaposalia.

"Papa Innocent, ile ya bleu ni nini?" akauliza Mama Vumilia, mukubwa wa wamama.

"Siterne ya maji ya mvua," nikajibu bila kupepesa macho.

Vigelegele! Tangu lava ikate mabomba, wamama wanabeba maji kwa mabido ya plastiki toka ziwani. Palepale vijana wakajitolea kuchimba, muzee mumoja akaahidi mabati ya mifereji. Sifa zikanilevya. Nikageuza picha kwa kompyuta waone siterne yao kwa upande wa pili.

Akatokea kwenye picha mwanaume aliyekuja na lile bwawa la programu: kifua wazi, kaptura tu, miguu ndani ya maji.



"Siterne tutajenga, Papa," akasema Mama Vumilia. "Lakini huyu mwenye kuoga mu maji yetu ya kunywa, umuambie atoke, avae."