Jiwe la Visigino vya Mama Mkwe

Saa tatu na dakika kumi asubuhi mke wangu aliweka jiwe la kusugulia miguu juu ya matofali, nyuma ya nyumba yetu ya Sumbawanga, likauke. Lilikuwa la mama yake, aliyekuja kututembelea kutoka Mwazye na ambaye hasafiri bila jiwe hilo. Mimi nilikuwa nanoa jembe. Nikaacha.

Biashara ya mitumba ilikuwa imeruhusiwa tena, na ndani ya marobota vilikuja hata vitabu vya Kiingereza, vikapangwa chini sokoni na kuuzwa kwa bei ya nyanya. Nilikuwa na kimoja kuhusu wanyama walioenea duniani baada ya dinosaria kutoweka. Nilikisoma polepole, kamusi pembeni. Tembo wa leo, kilisema, ana gego lenye mistari kama ubao wa kufulia. Baadhi ya ndugu zake wa kale walikuwa na vinundu, viwili viwili. Nikaliinamia jiwe bila kuligusa. Vinundu viwili viwili, vimelika juu, na chini pamebaki kipande cha mzizi.

"Usilizoee," mke wangu akasema. "Saa nne anakuja dalali wa vito. Atampa mama elfu tano, alipasue aone kama ndani kuna kinachong'aa."

"Mzuie mama."

"Mzuie mwenyewe."

Alijua siwezi. Kwetu mkwe mwanamume hataji vitu vya bafuni vya mama mkwe, sembuse kuomba jiwe la visigino vyake. Kwa hiyo nilisimama upande huu wa ukuta wa jiko. Mama mkwe alikuwa upande wa pili, anachambua maharage. Mke wangu akakaa mlangoni, katikati yetu.

"Mwambie mama, lile jiwe ni jino."

"Mama, anasema ni jino."

"La nani?"

"La mnyama wa ukoo wa tembo," nikajibu, nikiutazama ukuta. "Alikufa kabla dunia haijawa na watu."

Nikasikia ungo ukiwekwa chini.

"Mwambie baba watoto wako, marehemu mume wangu aliliokota korongoni, kule bonde la Rukwa, alipofuata samaki. Akaniletea zawadi. Ina maana miaka yote hii nasugua miguu kwenye kinywa cha tembo?"

"Anasema ndiyo, mama."

"Ndiyo maana linauma!"

Tulicheka wote watatu, ukuta katikati. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama tembo hawa wa leo ni watoto wa yule.

"Si watoto wake. Ni ukoo mmoja. Tawi lake lilikatika."

"Basi naye ni marehemu," akasema. "Hapasuliwi."

Dalali alifika na nyundo mfukoni. Akaamkia, "Shikamoo, mama," akaulizia jiwe.

"Marahaba, baba. Haliuzwi. Ni jino la marehemu."

Dalali alimtazama mjane, akatazama jiwe lenye ukubwa wa ngumi mbili, akarudi nyuma. Akatoa pole, akaondoka haraka.

Jioni mke wangu aliniletea jino limefungwa kwenye kipande cha kanga, pamoja na agizo: mkwe atafute jingine, lisilo na meno. Nilinunua la kutoka Mbeya, jepesi, lenye vitundu, kwa shilingi mia moja. Ukijumlisha na za dalali tulizozikataa, jino lile lilitugharimu shilingi elfu tano na mia moja.