Kikombe Kilichotengwa

Nikisikia harufu ya mafuta ya kondoo yakiyeyuka, hata leo hapa Gatitu, mimi hutoka nje. Nilikuwa na miaka tisa nilipokohoa mwezi mzima. Mama alininywesha hayo mafuta kila asubuhi, ati ni baridi ya mlima. Siku niliyotema damu, nyanya alitundika kikombe changu mbali na vingine.

"Huyu asinywe na wenzake," alisema.

Kila nikikiangalia niliona kaburi langu.

Mama alinipeleka hospitali, na daktari akamwambia, "Hiki ni kifua kikuu. Kitapona, lakini adungwe sindano na ameze dawa mwaka mzima, asiruke hata siku moja."

"Na mafuta?"

"Mafuta kaangia viazi, mama."

Sikuruka. Leo niko na shamba la kahawa, ng'ombe watatu, nyumba ya mawe na mapafu mawili.