Wembe Usiokata Mtu

Kila ninapompeleka mwanangu kunyolewa pale Kondele, huwa nakaa kwenye benchi la karibu na mlango, na si kwa sababu ya joto. Kabla hajaanza kazi, kinyozi yule humimina spiriti kwenye pamba, akaipitisha kwenye meno ya mashine yake taratibu, jino kwa jino. Harufu ile ikinifikia, hugeuza uso mlangoni. Wengine wakiinusa wanafurahia usafi. Mimi inanirudisha kwenye asubuhi moja huko nyumbani kwetu, upande wa Katito, asubuhi ambayo haikuwa na hata tone la spiriti.

Ngoja nikueleze kwanza habari za wembe, maana bila wembe hutanielewa. Babu yangu aliwahi kufanya kazi ya kuchochea makaa kwenye meli za ziwani, zamani sana, na mhandisi mmoja Mzungu alipokuwa akirudi kwao alimwachia wembe wa kukunja. Ulilala ndani ya kibati bapa kilichotoshana na pakiti ya sigara. Ukiukuta umekunjwa ungedhani ni kufuli iliyoharibika. Mpini ulikuwa umejilaza juu ya kichwa cha wembe, na ukiuinua kwa kucha ulizunguka kwenye bawaba ndogo iliyoshikwa na pini nyembamba ya shaba, ukalia ka!, ukasimama imara. Kichwani kulikuwa na safu ya meno mafupi kama ya kitana, na nyuma ya meno hayo ndipo makali yalipojificha. Makali yenyewe hayakuwa haya membamba tunayonunua dukani na kutupa. Yalikuwa kipande kinene cha chuma ambacho babu alikichomoa, akakinoa kwenye mkanda wake wa ngozi, kisha akakirudisha mahali pake. Meno yaligusa ngozi kwanza, yakailaza, na makali yakapita bila kuzama.

Babu alijivunia wembe ule kuliko alivyojivunia baadhi ya watoto wake. "Wembe hii iko na akili," alikuwa akisema huku akipapasa kidevu. "Inajua nywele inaishia wapi na mtu anaanzia wapi." Hata mikono ilipoanza kumtetemeka uzeeni, hakuwahi kujikata. Sisi watoto tulikua tukijua kwamba visu hukata, mabati hukata, hata nyasi za kando ya ziwa hukata, lakini wembe wa babu haukati mtu.

Alipofariki, wembe ulibaki kwa bibi, tuliyemwita Dani kama Waluo wote wanavyowaita bibi zao. Ukawa ndio wembe wa matanga. Kwetu, mtu akishazikwa, wafiwa hunyolewa nywele ili kifo kiondoke nyumbani. Mjane huanza, kisha watoto wanafuata kwa umri. Wembe mmoja, vichwa vyote. Hakuna aliyeona ubaya. Tena watu waliona ni jambo zuri, kwamba damu moja inaomboleza kwa wembe mmoja.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori la samaki. Hii ilikuwa miaka ya tisini, mwanzoni. Tuliishi mjini, mtaa wa Obunga, chumba kimoja, na baba alikuja na kuondoka. Alirudi safari moja amekonda. Akaenda nyingine, akarudi suruali imefungwa kwa kamba. Majirani walianza kuteremsha sauti tulipopita. Huko nyumbani walisema ni chira, yaani ule ugonjwa wa kudhoofika unaowapata waliovunja miiko, na kila ilipotajwa chira macho yalimgeukia mama, kana kwamba yeye ndiye aliyeivunja. Lile jina lingine la ugonjwa, la mjini, halikutajwa na mtu yeyote. Watu waliliogopa kuliko walivyoogopa kaburi.

Tulipomaliza kumzika baba kule nyumbani, tukabaki tukisubiri asubuhi ya kunyolewa. Nilikuwa mkubwa kiasi cha kuona kwamba mama hakuwa akilia kama wajane wengine. Alikuwa akitazama vichwa vyetu. Aliangalia changu, kisha akakaa muda mrefu akikiangalia cha Owuor, mdogo wangu, ambaye alikuwa hajaanza shule. Owuor alikuwa na mapunye. Alikuwa ameyakuna mpaka yakawa vidonda vibichi vinavyotoa maji.

Jioni, tukiwa tumekaa nje ya nyumba ya Dani, mama akasema kwa sauti ndogo, "Mama, si tungetumia tu wembe za duka? Kila mtu na yake."

Dani aliacha kuchambua mboga. "Unataka watoto wa mtoto yangu wanyolewe kama watu hawajuani? Hiyo wembe ndio ilininyoa nikizika mzee. Wewe inakuwasha wapi?"

"Hakuna mahali, Mama."

"Basi."

Mama akavuta ungo, akaanza kuchambua mboga naye.

Asubuhi, umande bado uko kwenye nyasi, Dani alinipa kile kibati nikipeleke kwa Mama Awino, mjane mzee aliyekuwa akinyoa wafiwa wa pale kwetu. Nilipokuwa nikipita nyuma ya jikoni nikasikia jina langu.

"Anyango. Lete nione."

Mama alikuwa amesimama karibu na ufagio wa njiti. Alichukua kibati, akanigeuzia mgongo. Nilisikia ka!, kama kawaida. Kisha nikasikia kitu kikikwaruza, kama sindano kwenye chuma, na baadaye wembe ukakunjwa bila kulia chochote. Akafunga kibati, akanirudishia. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo, na jua lilikuwa halijachomoza.

"Peleka. Na usiifungue."

Sikukifungua. Lakini nakumbuka nilikibeba kile kibati mbali na mwili wangu, kama mtu aliyetumwa kubeba nyoka.

Mama aliketi chini mbele ya nyumba, miguu ameinyoosha. Mimi na Owuor tulipangwa nyuma yake. Wazee walisimama kando, kimya, na Dani akakaa kwenye kigoda karibu kabisa ili aone. Mama Awino alimlowesha mama nywele, akafungua kibati, akainua mpini. Nilimwona mama akifumba macho kwa nguvu, kama anayengoja kitu kivunjike. Hakikuvunjika. Mama Awino akaanza kunyoa. Nywele zikaanguka, mkono wa kwanza, wa pili, upande mzima wa kulia ukawa mweupe. Mama akafumbua macho, na uso wake ulikuwa na hofu ambayo sijaiona tena kwa mtu.

Ndipo wembe ulipolegea. Kichwa chake kilijipinda ghafla mkononi mwa Mama Awino, kona ya makali ikazama juu ya sikio la mama, na damu ikatoka. Haikutoka kidogo. Ilishuka shingoni, ikaingia kwenye nguo.

Mama Awino aliutupa wembe kama aliyeungua. "Imekata!" akasema. "Imekata mtu!"

Hakuna aliyesogea. Kisha sauti ya mzee mmoja ikatoka nyuma, taratibu, "Marehemu mwenyewe amekataa. Amemkataa mke wake." Dani akaweka mikono kichwani.

Owuor, ambaye hakuelewa lolote isipokuwa kwamba mama yake anatoka damu, alikimbia akamrukia shingoni. Mama akamsukuma. Hakumsukuma kama mama anavyomsogeza mtoto. Alimsukuma kwa mikono yote miwili, Owuor akaruka na kuangukia jivu la moto wa jana, akabaki pale mdomo wazi, hata kulia hakuweza. Watu wote waliguna. Mjane kumtupa mtoto wa marehemu mbele ya kaburi bichi! Nami nilisimama pale nikimchukia mama yangu kwa mara ya kwanza.

Alifunga kichwa kwa leso yake, akaifunga kwa nguvu, ndipo akaniambia, "Kwa mkoba yangu kuna wembe za duka. Toa. Kila kichwa na yake." Hakuna aliyebisha. Nani angeugusa tena ule wa babu? Tulinyolewa kila mtu kwa wembe wake mpya, mama naye akamaliziwa nusu iliyobaki kwa wa kwake, na ule wa kukunja ukatupwa chooni kabla ya chai.

Tangu siku hiyo mama akawa mwanamke aliyekataliwa na wembe. Dani hakula tena chakula chake. Tulirudi Obunga tukiwa na vichwa vitupu, na mimi nikiwa na woga uliokaa nami miaka. Niliamini baba alirudi kumkata mama. Niliamini mama alifanya jambo baya sana, ndiyo maana hakumtaka hata mwanawe. Akinigusa, nilikuwa nakaza mabega. Ninajua aliona.

Nilikuwa sekondari alipoanza kudhoofika yeye. Siku moja nilimkuta kitandani akikata kucha kwa wembe, wembe ukimteleza, nikanyoosha mkono nimsaidie.

"Wacha!" alisema, kwa sauti ile ile ya siku ile. Kisha akalainika. "Hiyo ni yangu peke yangu. Chukua mpya."

Nilikaa. Nikamuuliza alichofanya nyuma ya jikoni. Aliuvingirisha wembe wake kwenye karatasi, akauweka chini ya mto.

"Nilitoa pini," akasema. "Nikaweka kijiti ya ufagio. Nilidhani itavunjika akifungua tu, kabla haijanigusa. Haikuvunjika. Ikaninyoa, Anyango, na nyinyi mko nyuma yangu mnangoja."

Alikuwa amepimwa mjini wakati baba bado yuko hai. Alijua. Mjane huanza, watoto wanafuata, na Owuor ana vidonda kichwani. Angesema wazi, angekuwa amelitaja lile jina mbele ya ukoo mzima, na tungekuwa watoto wa lile jina mpaka leo. Kwa hiyo aliwaacha waseme marehemu amemkataa. Alipoomba wembe za duka, nilikuwa nimedhani anaogopa vichwa vya wengine. Kichwa alichokiogopa kilikuwa chake, na damu aliyomsukuma Owuor isimguse. Nimemuuliza daktari tangu hapo, akaniambia hatari ya wembe haikuwa kubwa kama mama alivyodhani. Labda. Yeye hakuwa na daktari wa kumuuliza asubuhi ile, alikuwa na kijiti cha ufagio.

Alikufa mwaka huohuo. Nilimwambia asante, lakini nilichelewa, na nadhani alikuwa hanisikii.

Owuor sasa ni mtu mzima, ana ndevu. Wembe haukumbuki kabisa. Anachokumbuka ni jivu. Juzi nilimweleza yote, tukiwa tumekaa kwake baada ya kula, naye akasikiliza akipapasa kichwa, pale pale palipokuwa na mapunye.

"Alinisukuma na nguvu sana," akasema mwishowe.

"Ndiyo," nikamwambia. "Na nguvu zote alizokuwa nazo."