Jua Lililokuwa Ndani ya Beseni

Saa tatu imekwishapita, jua linaunguza shingo, na Charlotte Mushiya yuko ndani ya mto wa Musonoi hadi magotini, akitikisa chekeche. Udongo unapita kwenye matundu na kwenda na maji, mawe yanabaki. Meusi yana kobalti, ya kijani yana shaba. Anayachagua kwa vidole, kichwa kimeinama upande mmoja kama kuku anayetazama punje.

Kila mara anageuka kuangalia ukingoni. Huko amekaa binti yake Falonne, mwenye miaka kumi na tisa, anayejifunza ushonaji mjini Kolwezi. Leo hakwenda kwa fundi wake. Amekuja kuosha mawe, na hilo ndilo linalomkosesha mama yake raha.

“Ningejua, ningemufungia mu nyumba,” Mushiya anamwambia mwandishi wa habari hii. “Leo jua litafungwa. Na hapa kila mutu iko na beseni.”

Redio imetangaza tangu wiki iliyopita: leo mwezi utapita mbele ya jua, watu wasilitazame. Waoshaji wa Musonoi wamesikia vizuri sana. Shida ni jinsi walivyoelewa. Wamejaza mabeseni yao maji, wametandaza mawe meusi ya kobalti ndani, chini ya maji, ili picha ya jua ionekane vizuri, na wanangoja kulitazama jua humo ndani, wakiamini kwamba maji yatakuwa yamelipoza.

“Redio ilisema tusiangalie jua,” anasema Mama Ntumba, mwoshaji mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. “Sisi hatuangalie jua. Tunaangalia mayi. Wapi mayi inaweza kuchoma mutu?”

Wanawake wanacheka. Mushiya hacheki.

Babu yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi migodini, na ukoo haukurudi tena. Mushiya alizaliwa hapa, akakulia kwenye mawe haya. Jua lilipopatwa alipokuwa mtoto, mama yake, naye mwoshaji, aliwawekea watoto beseni uani. Hakuwa mzembe, maskini, alitaka kuwalinda. Mushiya alifumba jicho la kulia, akainama na la kushoto juu ya maji mpaka shingo ikamuuma.

“Macho haikuuma hata kidogo,” anasimulia. “Njo ile inanitisha mpaka leo. Ingeuma, ningekimbia. Kesho yake asubuhi mama ananipa chai, naangalia kikombe na hii jicho, kikombe haiko. Naona pembeni yote, naona meza, naona mikono ya mama. Katikati, shimo.”

Shimo hilo halijaziba mpaka leo. Akifumba jicho zima, mtu aliye mbele yake ana mabega na ana nywele, lakini uso hana. Jicho la kulia ndilo linalolisha nyumba. Ndilo linalotenganisha jiwe la kuuza na la kutupa, katika kazi ambayo siku njema humpa unga na mboga za siku mbili, na siku mbaya haimrudishii hata nauli ya pikipiki.

“Mi nimezoea,” anasema. “Lakini Falonne, yee kazi yake ni sindano. Mushonaji asiyeona tundu ya sindano atakula nini?”

Mwanga unaanza kubadilika. Unafifia bila wingu lolote, na upepo unakuja na ubaridi ambao si wa saa hizi. Mtu anapiga kelele kwamba limeanza kuliwa. Wanawake wanakimbilia mabeseni. Mushiya anainua kichwa kutafuta kitambaa cha njano cha binti yake, na ukingoni hakipo.

Kiko kwa Mama Ntumba. Falonne amechuchumaa juu ya beseni, jicho moja amelifumba.

Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Mushiya anatoka majini mbio, chekeche bado mkononi, na analipiga beseni teke. Maji yanamwagika, na mawe meusi ya Mama Ntumba, kazi yake ya asubuhi nzima, yanaporomokea mtoni.

“Eh, Mama Falonne! Umepata wazimu? Majiwe yangu!”

“Nitakuoshea ingine! Mwageni mayi, bote! Majiwe iko mingi, macho mutatoa wapi?”

Matusi yanaanza, ya Kiswahili na ya Kiluba. Mushiya amesimama juu ya binti yake na kumkingia chekeche kichwani, kama mtu anayemkinga mwenzake na mvua. Chekeche hilo ni kipande cha bati alichokitoboa mwenyewe kwa msumari. Kivuli chake kimeangukia gunia jeupe lililotandazwa chini kwa kuchagulia mawe.

Falonne ndiye anayeona kwanza. “Mama, angalia ku mufuko.”

Siku zote matundu yale hudondosha nukta za mwanga za mviringo. Sasa nukta zote zimemegwa. Gunia limejaa vijijua vyembamba kama kucha zilizokatwa, kila tundu na chake, vyote vimeliwa upande uleule. Mama Ntumba anainama, anasogeza kidole, na kijijua kinamkalia juu ya ukucha.

“Mungu wangu,” anasema polepole. “Kumbe jua ilikuwa huku chini.”

Wanaleta machekeche yao, wanayainua juu na kuligeuzia jua mgongo. Mtu anaonyesha kichaka cha jirani: hata mianya ya majani yake imemwaga vijijua mchangani. Wanapiga vigelegele. Mushiya peke yake haangalii gunia. Amemshika Falonne bega.

“Uliangalia mu beseni muda gani?”

“Kidogo tu, mama.”

“Kidogo ni ngapi?”

“Sijui. Kidogo.”

Mchana wanakwenda zahanati, na muuguzi anawaambia ukweli: dawa hakuna, doa likitokea litajulikana baadaye, wangoje.

Kesho yake asubuhi mwandishi anawakuta uani kwao, mtaa wa Musonoi. Mushiya hakulala, na hafichi. Kando yake kuna bati kuukuu na msumari. Anataka kutoboa chekeche kubwa la kutundika pale mtoni, ili siku jua litakapofungwa tena pasiwe na mtu wa kujaza beseni. Mama Ntumba amefika kabla ya kila mtu.

“Majiwe tutaosha ingine,” anasema, na sauti yake leo ni ndogo. “Mutoto anaona?”

Mushiya anapiga magoti mbele ya binti yake. Jicho la kwanza limeshapimwa, ni zima. Limebaki lile lililotazama.

“Funga hii ingine. Niangalie hapa katikati. Unaona pua yangu?”

Falonne anakunja uso, anasogea karibu. Mama Ntumba ameziba mdomo kwa mkono.

“Naona, mama. Iko na udongo.”

Mama Ntumba anaangua kicheko. Mushiya anaifuta pua kwa kiganja.

“Kesho nitakuuliza tena,” anamwambia. “Na kesho kutwa. Nitakuuliza kila asubuhi, mpaka uchoke na hii pua.”