Santuri ya Sikukuu na Mbuzi wa Mama Mkwe

Jamani, hili jambo nimeliandika kwenye daftari mara mbili, na mara mbili nimechana karatasi, kwa hiyo hii ni ya tatu na sichani tena, maana aibu ukiifungia ndani inaota kama uyoga, na hata hivyo mtaa mzima unaijua, kilichobaki ni mimi mwenyewe kuisema kwa haki kuliko wanavyoisema wao.

Mimi, Baba Upendo, ni fundi baiskeli hapa Iringa, shule yangu iliishia darasa la saba, na nina ugonjwa mmoja: sijiamini. Ndiyo maana naandika. Kila jambo napiga mstari katikati ya ukurasa, kushoto Mazuri, kulia Mabaya, ili nisimwonee mtu. (Mke wangu Neema naye aliwahi kukaa kwenye ukurasa wa namna hiyo kabla sijapeleka posa, na alipouona hakufurahi, ingawa kushoto kulishinda kwa mbali.)

Sasa, Neema ni Mnyakyusa, na mama yake, Mama Ambokile, anaishi Mbeya. Huyu mama ana hadithi moja ambayo tangu nioe naisikia: alipokuwa msichana aliimba kwenye kwaya ya akina mama, yeye akiwa mdogo kuliko wote na ndiye aliyeanzisha nyimbo, wakarekodiwa santuri ya sikukuu. Santuri aliyopewa ikakaliwa na shemeji yake, ikapasuka, Neema hajazaliwa bado. Mwaka jana macho yake yakaanza kufifia, na siku moja akamwambia Neema kwenye simu, "Mwanangu, macho yamekwenda, masikio nayo yatafuata. Ningeisikia ile sauti yangu mara moja tu, basi." Neema akakata simu akalia, na mimi nikiwa nimeshika kikombe cha chai nikaweka nadhiri moyoni kwamba nitaitafuta, na sitamwambia mtu, itakuwa zawadi ya kushtukiza.

Hapo kwenye "sitamwambia mtu" ndipo kila kitu kilipoanzia.

Wiki moja kabla ya Krismasi nikaenda Mbeya kumchukua mama mkwe aje kula sikukuu kwetu. Nilipofika, yeye bado alikuwa anafunga vitenge vyake, nikapata nafasi ya kuzunguka sokoni, nikafika kwa mzee mmoja anayeuza vitu vya zamani, saa zisizotembea, redio za mbao, pasi za mkaa. Anaitwa Mzee Salehe, kofia yake safi, ndevu zimechanwa, na babu zake, alisema, walipanda huku na msafara kutoka pwani. Nikamwuliza, "Mzee wangu, una santuri ya Krismasi?"

Akasema, "Ya Krismasi sina. Ninayo ya sikukuu, kwaya ya akina mama."

"Si ndiyo hiyo hiyo!"

Akanitazama. Akaitazama santuri. Akanitazama tena. "Haya," akasema, "mnunuzi ni wewe."

Naandika kwa haki: hakunidanganya neno hata moja. Lakini siku ile mimi niliona mambo. Kwa nini alinitazama mara mbili? Kwa nini aliifunga haraka kwenye gazeti? Kwa nini nilipoomba kuisikiliza alisema gramafoni yake haina sindano, muuza vitu vyote vile akose sindano? Ganda lake la asili halikuwepo, imewekwa kwenye bahasha ya kaki, na karatasi ya katikati imelika na panya, yamebaki maneno "Sikukuu" na "Akina Mama" tu. Nikainunua, nikachukua na namba yake ya simu, ila moyoni nikaandika mtu huyu wa kuangaliwa.

Kwenye basi mama mkwe alikaa kiti cha mbele na mimi nyuma yake (kwa heshima ya ukwe, hatukai bega kwa bega), nimekumbatia mfuko. Akageuka na macho yake yale ya ukungu, akasema, "Mkwe, umepakata nini kama kuku anayeatamia?"

"Spea, mama. Spea za baiskeli."

"Spea bapa," akasema, akageukia mbele. Tulipopita njia ya kuingia Ubaruku kwenye mashamba ya mpunga, yeye ndiye aliyeuliza tumefika wapi, na nilipomwambia akasema, "Huko ndani tuliimba tumeshika majembe."

Kwaya ya Krismasi na majembe wapi na wapi! Jioni nikaandika: *Mama anaanza kuchanganya mambo (?)*. Alama ya kuuliza ipo, mtu asije akasema nilimhukumu.

Gramafoni nzima mtaani kwetu anayo mtu mmoja, Mwalimu Kihwele, mwalimu wa kwaya wa kanisani, aliyerithi kwa baba yake. Akaniacha nayo sebuleni kwake, yeye akaenda mazoezini. Nikaweka sindano. Zikaja kelele kama mtu anakaanga bisi, halafu akina mama, sauti nne safi kama za kanisani, nikafurahi, halafu msichana mmoja akapaza sauti peke yake, "Masi…" Nikajua ni Masihi! Nikaandika haraka: *Masihi*. Akarudia. Haikuwa Masihi. Ilikuwa "Samadi."

*Samadi eeh, ndugu mkulima,*
*lima kwa mstari, palilia mapema,*
*shamba halidanganyiki.*

Nikageuza upande wa pili. Mbegu bora. Panya waharibifu. Wimbo mzima wa kukausha mahindi kabla ya kuyaweka ghalani. Bethlehemu hakuna, hori hakuna, ng'ombe wapo lakini ni wa kutoa mbolea. Nikakaa pale nimevunjika moyo, sikukuu iko mlangoni na zawadi yangu ni somo la kilimo, na nikajua kwa hakika kwamba yule mzee alibadilisha santuri ndani ya bahasha. Ndiyo maana gazeti! Ndiyo maana sindano! Nikasikiliza mara tatu ili nisimwonee, kisha nikaandika taarifa kamili, na hapohapo nikaondoka, santuri nikaiacha kwenye gramafoni na daftari nikalisahau juu ya meza ya Mwalimu.

Basi ikafika siku ya pili ya Krismasi, mchana, jumuiya yetu ikaja kwetu. Watu wa kutosha, kuku, wali, chai ya maziwa (na wengine chai ya rangi nyingine, majina siandiki). Mama mkwe, kwa heshima ileile ya ukwe, alikaa chumba cha ndani nyuma ya pazia, na Neema alikuwa anampelekea chakula huko. Mwalimu Kihwele akaingia na gramafoni begani na, chini ya kwapa, daftari langu.

"Ndugu zangu," akasema, "kumbe fundi wetu ni mchambuzi wa muziki na ametuficha! Baba Upendo, simama utusomee."

Nikakataa. Naandika kwa haki, nilikataa mara moja tu. Mama Chengula, mwenyekiti wetu wa jumuiya, akapiga makofi, "Asome! Asome!" na mimi, mtu ambaye hajawahi kuombwa kusoma kitu chochote mbele za watu tangu darasa la saba, nikasikia joto tamu shingoni. Nikasimama. Nikakohoa. Nikasoma hivi hivi:

"Taarifa ya santuri ya sikukuu iliyouzwa Mbeya. Mazuri. Kwanza, haijavunjika. Pili, ngoma inashika mapigo. Tatu, ushauri wa palizi ni sahihi, hata mimi shambani kwangu nafanya hivyo. Mabaya. Kwanza, Yesu hatajwi. Pili, anayeanzisha nyimbo analia kama mbuzi aliyebanwa mkia na mlango. Kwa kuwa mimi si mtu wa muziki, nilisikiliza mara tatu nisije nikamwonea, na mara zote tatu alikuwa mbuzi. Kwa haki, inawezekana siku hiyo alikuwa na mafua."

Watu wakaanguka kwa kicheko. Mama Chengula alimwaga chai. Mwalimu akawa anafuta machozi kwa tai yake, "Mara zote tatu!" na mimi badala ya kukaa chini kama mtu mwenye akili, nikaona nimepata watu, nikasema, "Na huyo tapeli aliyeniuzia namba yake ninayo." Nikapiga simu, nikaweka sauti ya nje.

"Mzee Salehe, ni yule wa santuri. Uko mbele ya jumuiya nzima hapa. Kwa nini ulinibadilishia?"

"Assalam aleikum kwanza," ikasema simu.

Nikaitikia salamu.

"Nilikubadilishia nini, mwanangu?"

"Nilitaka ya sikukuu ukanipa ya samadi!"

"Hapana. Ulitaka ya Krismasi, nikasema sina. Nikakwambia ninayo ya sikukuu, ukaruka juu, si ndiyo hiyo hiyo. Sasa sikiliza. Mimi nikisema sikukuu, nyumbani kwangu ni Idi. Wewe ukisema sikukuu, ni Krismasi. Na hiyo sahani ya santuri, sikukuu yake ni ya wakulima. Wewe hukuuliza ipi, nami nikadhani mtu mzima anajua anachonunua. Miaka yote niliyouza sokoni hapa sijaitwa tapeli, na leo naitwa mbele za watu ambao hata siwaoni."

Mama Chengula akanong'ona, "Mzee wa watu kasema kweli," na ule upande wa kulia wa ukurasa wote nikauona unahama polepole kutoka kwa mzee yule kuja kwangu. Mwalimu, kwa nia njema kabisa, ili kupoza mambo, akasema, "Hebu basi tumsikie huyo mbuzi," akaweka sindano.

Bisi zikakaangwa. Akina mama wakaingia. Na yule msichana akapaza sauti, *Samadi eeh*, na kabla hajamaliza, kutoka nyuma ya pazia ikaja sauti nyingine, nzito zaidi, imekwaruza, lakini inakwenda pale pale, inapanda pale pale, inabana pale pale:

*…ndugu mkulima, lima kwa mstari…*

Hakuna aliyecheka. Neema aliyekuwa mlangoni na sahani ya wali aliiweka chini sakafuni. Wimbo ukaenda mpaka mwisho, sauti mbili, ya santuri na ya chumbani, *shamba halidanganyiki*, na sindano ikabaki inakwaruza peke yake mpaka Mwalimu alipokumbuka kuiinua.

"Mkwe," ikasema ile sauti.

"Mama."

"Huyo mbuzi ni mimi."

Ardhi, jamani, ilikuwa ya saruji, haikupasuka. Nilipiga magoti kuelekea pazia, na daftari bado nimelishika. Neema akauliza kwa sauti ya kulia, "Mama, si ulisema ni santuri ya Krismasi?"

"Mimi? Nilisema ya sikukuu. Siku zile sikukuu ya wakulima ni Saba Saba, hizi Nane Nane zenu hazijazaliwa. Krismasi mmeitia ninyi, kwa sababu ninyi sikukuu mnayoijua ni ile ya kununuliwa nguo. Kuna aliyeniuliza tuliimba nini? Miaka yote hiyo?" Akakohoa. "Na mafua nilikuwa nayo kweli. Hilo mkwe amesikia vizuri."

Hapo watu wakacheka tena, lakini kwa upole, na mimi sikuweza kucheka kwa kuwa simu bado ilikuwa hewani na Mzee Salehe alisikia yote. Nikamwomba radhi hapo hapo, kwa sauti, nikitaja kosa kwa jina lake: nilimshuku kwa gazeti, nikamshuku kwa sindano, na hakuwa na hatia. Akasema, "Nimekusamehe. Lakini tuhuma umeziandika, na msamaha uandike." Nimeandika. Umo ukurasa unaofuata, nimempelekea picha yake kwa simu, na naambiwa ameichapisha akaibandika dukani.

Kwa mama mkwe haikuisha kwa maneno. Neema alinivuta jikoni akasema, "Kwetu mkwe akitukanwa haombwi radhi mkono mtupu. Anapelekewa mnyama."

"Mnyama gani?"

Akaniangalia muda mrefu, mdomo unamcheza. "Unajua ni mnyama gani, Baba Upendo."

Kesho yake asubuhi nikaingia uani nikimvuta mbuzi jike mweupe, na mtaa wote, bila kualikwa, ulikuwa na shughuli karibu na uzio wetu. Mama mkwe alitolewa nje akakalishwa kwenye kigoda, akapapasa mgongo wa mbuzi, masikio, mkia. Mbuzi akalia. Mama akainamisha kichwa, akasikiliza, kisha akasema, na watu wote wanasikia:

"Haya, mkwe. Wewe ni mtu wa haki. Nani anaimba vizuri?"

Naapa mbele ya daftari hili nilitaka kujibu upesi kama mtu mwenye adabu, lakini tabia ni ngozi. Nikasubiri mbuzi alie tena. Alipolia nikasema, "Mama, mbuzi anaanza vizuri. Ila mwisho wa mstari wewe unamshinda."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Ndaga, mwanangu," akasema, "ndaga fijo," yaani asante sana kwa Kinyakyusa. "Kawashe ile sahani."

Akaisikiliza siku ile mara tatu, kama mimi. Mbuzi akamwita Samadi, na hataki kusikia habari za kumchinja.

Mimi nimeweka nadhiri nyingine, na hii sifichi: mtu akiniambia sikukuu, kabla sijafungua mdomo, namuuliza ipi. Idi iliyopita nilimwandikia Mzee Salehe ujumbe, *Sikukuu njema (ya Idi)*. Akajibu, *Nawe pia. Sindano nimepata.*

Nimeutazama ujumbe huo mara nyingi. Nashuku ananicheka. Lakini sijui, kwa hiyo nimeuandika katikati ya ukurasa, juu ya mstari wenyewe.