Stoo ya Mabati na Banda Nje ya Seng'enge

Siku yangu ya kwanza kazini Garissa nilifunga mlango wa stoo, nikaondoka, kisha nikarudi kulivuta kufuli nione kama limeshika. Nikaondoka tena, nikarudi tena. Mlinzi wa pale, mtu mrefu mwenye ndevu zilizopakwa hina, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta akinitazama. Niliporudi mara ya tatu aliniuliza, "Walaal," yaani ndugu kwa Kisomali, "hii kufuli ni adui yako ama ni bibi yako?"

Huyo alikuwa Dubow. Kazi yake ilikuwa kulinda stoo na kusukuma mapipa, na ndiye aliyenizoeza mji. Mimi nilikuwa kijana wa Kitui, sijawahi kuishi mahali ambapo maji ya kuoga asubuhi yanakuwa moto bila kuwekwa jikoni. Nilikuja juu ya lori, katika msafara uliosindikizwa na askari, kwa sababu ilikuwa miaka ya vita vya shifta, waasi waliotaka kaskazini ijitenge na Kenya, na hakuna gari lililothubutu kupita njia ile peke yake. Nilipewa cheo cha mtunza stoo katika karakana iliyohudumia barabara na maji. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko elimu yangu, na hilo lilininyima usingizi.

Hakuna aliyenifundisha kazi. Nilijifunza kwa kusoma maandishi yaliyobandikwa kwenye mapipa, kamusi mkononi, neno kwa neno. Ndivyo nilivyojua kwamba klorini ya unga, tuliyotia kwenye maji ya mto Tana ili watu wasiugue matumbo, haipendi kukaa karibu na mafuta wala grisi; vikichanganyika hupata moto vyenyewe, bila kiberiti. Nilijua kwamba pipa la petroli lililobaki tupu linatisha kuliko lililojaa, kwa kuwa ndani yake umebaki mvuke. Nilijua pia habari za kabaidi. Hiyo ni mawe ya kijivu, mepesi kuvunjika, yaliyokuja katika mapipa madogo ya bati. Fundi wa kuchomelea vyuma aliyatia ndani ya mtungi, akayadondoshea maji, na mawe yakatoa gesi iliyowaka kwa moto mkali wa kuyeyusha chuma. Mtungi wenyewe uliitwa mtambo wa gesi, nami niliuogopa sana, kwa hiyo niliupangusa kila siku.

Bosi wangu alikuwa Mhandisi wa karakana, mtu wa bara kama mimi, mpole, aliyevaa kofia pana hata ofisini. Siku aliyonikabidhi funguo aliniambia, "Stoo nzuri ni ile unayoweza kuingia ukiwa umefumba macho na ukatoka na kitu ulichotumwa." Nililichukua neno hilo kama amri. Nilipanga makopo ya rangi yakatazama upande mmoja. Nilifagia chini ya mapipa. Dubow alikuwa akiwaambia madereva wa malori ya Modogashe kwamba wakinywa chai karibu na stoo yangu, wanywe bila kumwaga, kwa sababu karani atakuja kupanga majani yake.

Siku zile karakana ilikuwa na stoo tatu zilizotengana: moja ya mafuta, moja ya klorini, na moja ndogo ya kabaidi na vyuma. Nikizikumbuka sasa nasikia harufu ya kila moja. Malori yalipoingia na vumbi jekundu, madereva walishuka wakipiga kelele za salamu, assalaam aleikum za kutosha mtaa mzima, nasi tukateremsha mapipa kwa kuyaviringisha juu ya mbao mbili. Dubow aliongoza, akituimbia kwa Kisomali wimbo wa kunywesha ngamia kisimani, maana alisema pipa na ngamia ni jamaa, vyote havipendi kuharakishwa. Saa nne mke wake alileta maziwa ya ngamia ndani ya chai nzito yenye iliki. Sijanywa chai kama ile tena, na nimeitafuta.

Halafu usalama ukazidi kuwa mbaya. Gari moja lilichomwa njiani, na mafuta yakaibwa mahali pengine. Kapteni wa kikosi kilichopiga kambi karibu nasi alitaka vitu vyote vinavyoweza kuwaka viwekwe pamoja ndani ya seng'enge, mahali askari wachache wanaweza kupalinda. Mhandisi alikubali, na nani angekataa? Tukahamisha kila kitu kwenye stoo moja kubwa ya mabati. Baadaye Kapteni akasema mtu anaweza kutupa bomu la mkono kupitia dirishani, hivyo madirisha yakazibwa kwa mabati na magunia ya mchanga. Ndani mkawa giza na joto lisilosemeka. Kwa sababu ya giza tukaanza kuingia na taa ya kandili. Na kwa sababu ya joto Dubow akafanya lile ambalo kila mtu wa Garissa hulifanya nyumbani kwake jua likianza kuteremka: akanyunyiza maji sakafuni, kupoza mahali na kutuliza vumbi. Ofisi zote zilinyunyiziwa, maduka yalinyunyiziwa, na ua wa msikiti pia.

Kila hatua ilikuwa na sababu nzuri. Nataka vijana mnaosoma walielewe hilo kabla sijaendelea. Hakuna aliyefanya upumbavu.

Siku chache baadaye nilisikia harufu ya kitunguu saumu ndani ya stoo. Niliitaja. Mhandisi akasema labda askari wanapika pilau, na Dubow akasema nikianza kuogopa pilau nitakufa njaa Garissa. Tukacheka, hata mimi. Shida ya mtu anayehofia kila kitu ni kwamba hofu yake haina uzito; watu wameizoea, na yeye mwenyewe hajui ipi aisikilize. Kufuli nililirudia mara tatu kila jioni. Harufu niliitaja mara moja.

Mchana mmoja, Dubow alipomaliza kunyunyiza, nilifunga stoo, nikaacha funguo ofisini, nikaenda kula, yeye akaenda msikitini kuswali alasiri. Fundi wa kuchomelea, kijana tuliyemwita Musyoka, alihitaji kabaidi. Alichukua funguo ofisini, akawasha kandili, akafungua mlango.

Mlio wake haukuwa kama wa bunduki. Ulikuwa mzito, kama mtu ameipiga ardhi yote kofi moja. Nilitoka nje nikaona paa la stoo limefunguka upande mmoja kama kopo la samaki, na Musyoka amelala mbali na mlango, shati likifuka moshi. Alikuwa hai. Uso na mikono vilikuwa vimeungua, akakimbizwa hospitali. Ndani ya stoo, petroli ilikuwa upande huu na klorini upande ule, na katikati vipande vya mbao vilikuwa vinawaka. Mhandisi alivua kofia, akaingia wa kwanza. Tulimwaga mchanga wa yale magunia, tukaviringisha mapipa nje kwa mikono mitupu. Dubow alifika mbio akitokea msikitini, akaingia katikati yetu, na kwa mara ya kwanza hakuimba. Moto ulizimika kabla haujafika kwenye klorini. Ungefika, leo msingesoma haya.

Askari walifika na swali moja tu: nani amefanya? Mlinzi wa stoo alikuwa Msomali, vita vilikuwa vya Wasomali kwa maneno ya siku zile, na wakati wa mlipuko hakuwa mlangoni. Hawakuhitaji zaidi ya hapo. Walimchukua Dubow angali na mchanga mikononi.

Jioni ile Kapteni aliniita. Alikuwa mtu safi, mkavu, asiyepaza sauti. Alitaka nieleze kwamba mlinzi alikuwa na uwezo wa kuingia ndani, na kwamba aliondoka muda mfupi kabla.

"Alikuwa wapi stoo ilipolipuka?"

"Msikitini, Afande."

"Kwa nini wakati huo hasa?"

"Ilikuwa alasiri, Afande."

"Na jana wakati huo alikuwa wapi?"

"Msikitini vilevile, Afande."

Hakutabasamu. Akasema lori linaondoka kesho asubuhi kumpeleka Dubow kuhojiwa kwingine, na kama nina la kusema nilifikirie vizuri. Sote tulijua maana yake. Waliochukuliwa hivyo hawakurudi upesi, na wengine familia zao hazikujua walipopelekwa. Nilipotoka nilimkuta mke wa Dubow amesimama langoni na kibuyu cha maziwa ambacho askari walikataa kukipokea. Alinitazama, kisha akatazama funguo kiunoni mwangu.

Nilikwenda nyumbani kwa Mhandisi nikamweleza habari ya harufu ile, safari hii bila kucheka. Akasema, "Kabaidi," na akafunika uso kwa mkono. Aliijua kuliko mimi. Alikuwa ameisoma chuoni. Tulichukua tochi tukarudi kwenye magofu. Pipa moja la kabaidi lilikuwa limekaa moja kwa moja sakafuni, na kutu ilikuwa imekula kitako chake. Maji ya kila siku yalikuwa yakiingia chini, gesi ikitoka taratibu ndani ya chumba kisicho na dirisha, ikingoja taa.

"Tukisema hivi," Mhandisi akaniambia, "watauliza nani aliyekusanya vitu pamoja. Ni mimi. Na watauliza nani aliyeziba madirisha." Hakumtaja Kapteni. Nilidhani atasema twende tukalale. Akasema nitafute kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko kizuri.

Asubuhi tuliingia ofisini kwa Kapteni kabla lori halijawashwa. Nilishika kopo kwa mikono miwili kama yai. Mhandisi alilitoboa chini kwa msumari, akaweka jiwe dogo la kabaidi, akadondosha maji kidogo, akabana kifuniko. Akangoja. Harufu ya kitunguu saumu ikajaa chumbani. Kisha akapeleka kiberiti kwenye tundu. Kifuniko kiliruka kikagonga dari, na askari wawili wakaingia na bunduki.

Kapteni aliwaashiria watoke. "Rudia," akasema.

Mhandisi akarudia. Kapteni akauliza maji yaliingiaje stoo. Nilisema yalinyunyizwa kupoza sakafu. Akauliza nani aliamuru. Nilitazama chini, na yeye akatazama chini nilipotazama. Sakafu ya ofisi yake ilikuwa na madoa ya maji. Walikuwa wameshanyunyiza asubuhi hiyo, kama kila siku.

"Madirisha ni mimi," Kapteni akasema, kwa sauti ileile. "Mwachilieni huyo mtu."

Dubow alitoka akiwa na mdomo uliovimba. Alitusalimu kwa mkono, kila mmoja, na Kapteni pia. Hakuna aliyemwomba radhi. Siku zile haikuwa desturi, na nadhani hakuna aliyejua neno la kutumia. Mkewe alimpa maziwa palepale langoni, akanywa yote akiwa amesimama.

Tulijenga upya, stoo tatu kama zamani. Kabaidi tuliamua ikae katika banda lisilo na kuta, juu ya mbao, upepo upite. Lakini mahali penye nafasi ya kutosha palikuwa nje ya seng'enge. Kapteni alikataa. Alisema hana askari wa kulaza nje kwa ajili ya mawe, na hapo mpango wote ungekufa.

Dubow alikuwa nyuma yetu akisikiliza. "Mimi talinda," akasema. "Beke yangu."

Kapteni akamkumbusha kwamba juzijuzi tu alikuwa chini ya ulinzi wake.

"Naam, Afande. Wewe ulilinda mimi, hakuna kitu ulibata. Sasa mimi nilinde kabaidi."

Nilimwona Kapteni akicheka, mara hiyo moja tu.

Baadaye nilihamishiwa bohari ndogo ya Modogashe, kisha Masalani, ambako mafuta tuliyavusha mto kwa mashua na niliwafukuza wavuta sigara mpaka wakaniita Sheikh. Mwisho nilipelekwa maghala makubwa ya Mombasa, chini ya mameneja wenye vyeti vingi. Kote niliuliza maswali yaleyale: kitu gani kimekaa karibu na kitu gani, hewa inatokea wapi, watu wa hapa wana mazoea gani ambayo hayajaandikwa popote. Niliacha kurudia makufuli. Nilijifunza kuchagua hofu zangu, na hizo nilizochagua kuzisema mpaka mtu akasirike.

Sasa nimestaafu. Nikisikia redioni kwamba ghala la kemikali limelipuka katika bandari fulani duniani, huzima redio wanapoanza kumtafuta mhalifu, maana huwa nimeshaanza kuwazia vitu vilivyokusanywa pamoja kwa sababu nzuri, madirisha yaliyozibwa kwa sababu nzuri, na mtu mwenye kandili.

Dubow alilinda lile banda nje ya seng'enge mpaka vita vikaisha, na hata seng'enge yenyewe ilipong'olewa aliendelea kulilinda. Alistaafu kabla yangu. Wakati wake wote hakuna kilicholipuka pale, hakuna aliyeungua, na kwa sababu hiyo hakuna ripoti iliyoandikwa, wala mkuu aliyekwenda kumpa mkono. Kazi ikifanywa vizuri namna ile haiachi alama. Ndiyo maana nimekaa kuiandika.